Mabano Matupu

Kazi ya kuhamisha taarifa niliianza nikiwa darasa la tatu, na kifaa changu cha kwanza kilikuwa kalamu nyekundu. Bibi mzaa mama, aliyenilea kwake Newala, alikuwa na daftari la hospitali, lile la dukani ambalo mgonjwa hulinunua mwenyewe na kwenda nalo kila anapotibiwa. Nyumbani kwetu daftari halikuwa na maisha marefu. Lililowa masika, liligugunwa na mende, lilipata madoa ya maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, ambayo hayatoki hata ufanyeje. Likichakaa, bibi alinunua jingine, akanikalisha kwenye mkeka na kuniambia ninakili ukurasa wa kwanza. Juu kabisa muuguzi mmoja wa misheni alikuwa ameandika zamani, kwa herufi kubwa nyekundu: ASICHOMWE PENISILINI. Mengine kwenye daftari ningeweza kuyaruka na bibi asingejua, kwa kuwa kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha. Mstari ule aliujua umbo lake. Alipitisha kidole juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, na kama nimeruka herufi aliniambia nirudie.

Sababu ya mstari huo niliijua kabla sijajua kusoma. Bibi akiwa bado mama wa watoto wawili tu, walimchoma sindano hiyo kwa ajili ya jipu. Hakufika hata mlangoni. Uso ulivimba mpaka macho yakafunga, pumzi ikawa haipiti, na wenzake kwenye benchi wakaanza kulia kama msiba umeshatokea. Aliponyoka kwa bahati. Alipokuwa akisimulia alijishika shingo, nami nilijishika yangu bila kujijua.

Halafu kuna habari ya jina. Kwetu msichana akitoka unyagoni analiacha jina la kitoto, na anayeendelea kumwita kwa jina hilo anamkosea adabu. Mambo ya ndani ya unyago siyaandiki, lakini hili la jina si siri. Hata padri alikuja siku ya mwisho kutubariki tukiwa na majina mapya. Mimi nilipewa jina la bibi. Tangu siku hiyo aliniita somo, nami nikamwita somo, kama wanavyoitana watu wa jina moja. Na jina lilikuja na mwiko wake. Bibi alinikalisha pembeni akaniambia, "Jina hili halichomwi penisilini. Ukiulizwa hospitali, sema. Haya, sema." Nikasema. "Sema tena." Nikasema tena. Nilikuwa nimepakwa mafuta mwili mzima na kuvalishwa kanga mpya, tumbo linanguruma kwa harufu ya pilau nje, na ningesema chochote alichotaka.

Jina la pili nalo lina kisa chake, ila kifupi. Baba yangu alikwenda zake kabla sijaanza shule. Hapakuwa na ugomvi wowote, alikwenda tu. Kwa kuwa kwetu mtoto ni wa upande wa mama, hakuna aliyebabaika. Nikaandikishwa shule kwa jina la babu. Bibi naye, hospitalini, alijulikana kwa jina la mume wake, yaani babu huyohuyo. Kwa hiyo ukituandika kwenye karatasi, jina la kwanza na la pili, huwezi kunitofautisha na bibi yangu. Naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu mimi nililisahau.

Mwiko niliushika miaka yote ya sekondari. Wauguzi waliponiuliza niliimba mstari wangu, nao wakaandika. Nilipofika chuo, siku moja koo liliniuma, nikapewa vidonge vya jamii ileile ya penisilini na mtu ambaye hakuniuliza, nami sikusoma boksi mpaka nilipovimaliza. Hakuna kilichotokea, hata kipele. Niliona kama nimefungua mlango uliokuwa haujafungwa kwa ufunguo. Tangu hapo, nikiulizwa, nilianza kusema sina. Nilijiona msomi.

Sasa ninafanya kazi ya kompyuta mjini Masasi, kwenye ofisi yenye feni moja inayozunguka ikijisikia. Sisi ni wawili: mimi, na mwenzangu mmoja mpole aliyekuja kutoka nyanda za juu, ambaye mpaka leo akila korosho anazihesabu kama dawa. Tulipewa kazi ya kuunganisha taarifa za wagonjwa za hospitali moja huku Masasi na za zahanati kadhaa za kule juu Newala, ili mtu akitibiwa juu kisha akateremka chini, habari zake ziwe zimeshamtangulia. Niliipenda kazi ile kupita zote nilizowahi kufanya. Kila nilipoandika mistari miwili mitatu ikakubali, nilimwona mama fulani wa Lupaso au Mnyambe akiepushwa na maswali yaleyale kila anapobadilisha mlango.

Taarifa zote zilikuja kwa mtindo unaoitwa JSON. Asiyeujua asiogope. Ni maandishi ya kawaida yaliyofungwa ndani ya mabano: unaandika jina la kitu, nukta mbili, kisha kitu chenyewe. Ndani ya mabano unaweza kuweka mabano mengine, kama sufuria ndogo ndani ya kubwa. Orodha inafungwa kwa mabano ya mraba, na kama haina kitu ndani unaona mabano mawili matupu yakitazamana, hivi: []. Ni alama ndogo, na ukiwa umechoka jicho linaipita.

Shida ilikuwa kwamba pande mbili zilipanga vitu tofauti. Hospitali ilipanga kwa mgonjwa. Mtu mmoja alikuwa na fungu lake moja, na ndani yake kulikuwa na orodha ya siku alizotibiwa, orodha ya dawa na orodha ya aleji, yaani dawa zinazomdhuru. Zahanati zilipanga kwa siku. Kila mtu aliyeingia mlangoni aliandikwa upya, jina upya, simu upya, hata kama jana alikuwepo. Mimi nilitakiwa nichukue za juu, nikusanye pamoja zilizo za mtu mmoja, nizipange upya zifanane na za chini, halafu nichanganye za juu na za chini ziwe kitu kimoja na kukirudisha pande zote mbili. Programu nzima ofisini tuliiita bomba, maana taarifa zinaingia huku zinatokea kule. Nilipomweleza bibi kwamba tunajenga bomba aliniuliza litafika lini kwake, maana Newala habari ya maji ni ndefu. Nikamwambia si bomba la maji. Hakuuliza tena.

Sasa utajuaje kwamba aliyeandikwa juu na aliyeandikwa chini ni mtu mmoja? Wengi hawakuwa na namba ya kitambulisho kwenye rekodi zao. Nikaandika kanuni yangu: majina mawili yafanane, jinsia ifanane, namba ya simu ifanane, na tarehe ya kuzaliwa isigombane. Isigombane, kwa sababu wazee wengi hawaijui tarehe yao, na mahali pale huachwa wazi. Tarehe isiyokuwepo niliichukulia kuwa haigombani na yoyote. Kisha kanuni ya pili, kwa vitu vinavyotofautiana: kilichoandikwa karibuni kinashinda. Mtu akihama nyumba, anwani mpya inafuta ya zamani. Nani angebisha?

Mwenzangu alibisha, kwa upole wake. "Hivi hakuna watu wawili wenye majina yote sawa, wanaotumia simu moja?"

"Labda kwenye sinema," nikamjibu.

Nilimjibu hivyo mimi, niliyepewa jina la bibi yangu, nikaandikwa kwa jina la babu yangu, na ambaye namba yangu ya simu ndiyo iliyokuwa kwenye kadi ya bibi kwa kuwa yeye hataki simu. Nilijaribu bomba langu kwa wagonjwa wa kubuni, na wote niliwabuni wenye majina tofauti, kila mmoja na simu yake, na tarehe kamili ya kuzaliwa. Walikuwa watu wazuri sana, ila sijui wanaishi wapi. Kila mmoja alikaa mahali pake na mimi nikapiga makofi peke yangu.

Mgonjwa wa kwanza wa kweli niliyetaka aonekane vizuri ndani ya mfumo alikuwa bibi. Alipoteremka Masasi kutibiwa macho nilikwenda naye hospitali, nikahakikisha mstari mwekundu wa daftari umeingizwa kwenye orodha ya aleji. Tarehe ya kuzaliwa tuliiacha wazi. Jioni nyumbani kwangu nikamwambia daftari aniachie mimi.

"Halina kazi tena, somo. Sasa kompyuta inajua."

Alilishika mkononi, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni kama kawaida yake. "Na umeme ukikatika?"

"Hata umeme ukikatika inajua."

Alinitazama muda, akanipa. Nililiweka kwenye droo ya meza yangu ofisini, nikijiambia nitalihifadhi kama kumbukumbu.

Wiki chache baadaye nilikwenda Newala kumsalimia, koo likaanza tena. Bibi alinisindikiza zahanati, akakaa kwenye benchi la ukutani huku mimi nikihojiwa na muuguzi, binti mchangamfu mwenye kompyuta ndogo ya kubonyeza kwa kidole. Aliandika jina langu, la babu, na simu yangu. Tarehe ya kuzaliwa hakuuliza, kulikuwa na foleni. Akauliza, "Una dawa yoyote inayokudhuru?" Nikajibu, "Sina." Akabonyeza. Nilimwona bibi akigeuza uso kunitazama, kisha akarudi kutazama mlango. Njiani kurudi nyumbani alizungumzia mihogo ya jirani tu.

Bomba tulilifungua wiki iliyofuata. Siku mbili za kwanza nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikitazama rekodi zikiingia na kuungana, na nilikuwa na furaha ya mtu aliyepika chakula kikaiva sawasawa. Siku ya tatu asubuhi, nikiwa nakula ming'oko, viazi vyetu vya porini, ya kuchemsha mezani kwangu, simu ikaita. Alikuwa yule muuguzi wa Newala.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri dada, ila niko na bibi yako hapa. Kidonda cha mguuni kimeanza kutoa usaha. Sasa kompyuta inaniambia amejifungua salama, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Nimpongeze?"

Nilicheka mpaka ming'oko ikanipalia. Nyuma ya sauti yake nikamsikia bibi akisema kwa utulivu, kwa lafudhi yetu ya Newala, "Nwambie ntoto hajambo, ananyonya."

"Na umri hapa unasema thelathini na nane," muuguzi aliendelea, naye anacheka. "Mimi nikifika umri wake nataka kompyuta hiihii."

Nikafungua rekodi huku nikiwa bado nacheka. Nikaona kilichotokea mara moja. Mtoto alikuwa wangu, umri wangu, vyote kutoka rekodi yangu ya uzazi katika hospitali ya Masasi; kidonda cha bibi, macho ya bibi, koo langu. Bomba lilikuwa limetuunganisha tukawa mwanamke mmoja. Nililiona ni kosa la kuchekesha, nikawa naanza kufikiria nitatutenganisha vipi kabla ya chakula cha mchana.

"Basi utarekebisha taratibu, dada," muuguzi akasema. "Mimi ngoja nimchome penisilini yake akapumzike."

Jicho langu likashuka kwenye orodha ya aleji. Yalikuwa pale mabano mawili, hayana kitu ndani.

"Usimchome," nikasema.

"Nimeshaivuta dada."

"Imwage. Usimchome, hiyo itamuua. Nakuomba, iweke chini kwanza halafu uniambie umeiweka."

Nikasikia kitu kikigonga sinia la bati. "Nimeiweka," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Lakini hapa pameandikwa hana aleji. Na yeye mwenyewe nilimuuliza."

"Alijibuje?"

"Alisema niangalie humo. Alisema mjukuu wake ameshaandika yote humo."

Nilimshukuru. Alimpa bibi dawa nyingine, na kidonda baadaye kilipona kwa dawa hiyo bila matata. Lakini mimi nilibaki na simu mkononi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Kama kompyuta isingemzulia bibi mtoto mchanga, muuguzi asingepata cha kunipigia simu. Droo ya meza ilikuwa wazi nusu, na mfuko wa nailoni ulionekana.

Tulilifunga bomba saa ileile. Mwenzangu alivuta kiti akakaa karibu nami, tukafuatilia mstari kwa mstari. Haikuchukua muda. Rekodi ya bibi kutoka hospitali ilikuwa na orodha yenye neno moja, penisilini. Rekodi yangu kutoka zahanati ilikuwa na orodha tupu. Majina yalifanana, jinsia, simu, na tarehe hazikugombana kwa kuwa ni rekodi yangu ya uzazi tu iliyokuwa nayo. Kanuni ya kwanza ikatuunganisha. Kanuni ya pili ikatazama ipi ni mpya, ikaona ni yangu. Lile "sina" nililolisema kwa koo linalouma, bibi akiwa kwenye benchi, ndilo lililofuta mstari niliounakili utoto wangu wote.

Mwenzangu hakunikumbusha habari ya sinema. Ningekuwa mimi ningemkumbusha.

Tulitafuta wengine ambao bomba lilikuwa limewaunganisha kwa namna hiyo, na tuliwapata, wachache, karibu wote somo na somo wake: bibi na mjukuu, shangazi na binti wa kaka yake, mjomba na mpwa aliyechukua jina lake jandoni. Tulipiga simu kwenye zahanati moja baada ya nyingine mpaka tukawa na uhakika hakuna aliyeumia. Kisha nikabadilisha kanuni. Orodha tupu haifuti orodha yenye kitu, hata ikiwa mpya kiasi gani. Orodha mbili za aleji zinajumlishwa, hazishindanishwi. Na watu wasio na tarehe ya kuzaliwa hawaunganishwi na mashine, wanawekwa pembeni mpaka mtu mwenye macho awatazame. Safari hii nilijaribu kwa ukoo wangu mwenyewe, wote na majina yao yanayorudiarudia, na kila mmoja akabaki alivyo.

Jumamosi nikapanda Newala, daftari likiwa kwenye mkoba.

Bibi alikuwa barazani, mguu wenye bendeji ameuweka juu ya kigoda, ungo wa kunde mapajani.

"Shikamoo somo."

"Marahaba somo. Umekuja kunwona ntoto wangu?"

Tulicheka. Nikakaa chini, nikaanza kubambua naye kunde, na nilikuwa na hamu ya kumweleza nilivyotengeneza. Nilimweleza kwa maneno mepesi: zamani neno jipya lilikuwa linafuta la zamani, sasa kama neno jipya ni tupu haliwezi kufuta kitu. Nilijieleza vizuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile ya koo," akasema, "ulisema huna."

Nilibaki na ganda la kunde mkononi.

"Nilikuwa nimekaa palepale kwenye benchi."

"Bibi, mimi dawa ile hainidhuru," nikasema. Nilisikia sauti yangu imekuwa ya kitoto. "Niliimeza chuoni, sikupata chochote. Nisingeweza kumdanganya muuguzi."

"Najua haikudhuru."

"Unajua?"

"Ulipokuwa ndogo walikupa ile ya maji, ya kunywa. Nilikaa nakutazama usiku na mchana. Hukupata hata kipele." Aliendelea kubambua. "Ningekukataza kwa ajili ya nwili wako? Nwili wako nzima."

"Sasa kwa nini uliniambia niseme?"

Akaweka ungo chini. Alinieleza bila haraka, kama mtu anayeeleza njia ya kisimani. Misheni, kadi za wagonjwa zilikaa kwenye sanduku la mbao, na jina letu walikuwa nalo watatu: yeye, mama yake mkubwa aliyempa jina, na binti mmoja wa ukoo aliyelipata baada yake. Muuguzi akiita jina, aliyekuwa karibu aliinuka. Kadi ya huyu ikaenda kwa yule, na dawa vilevile. Walijaribu kusema, wakaonekana wasumbufu. "Nikaona, hawa wataendelea kutuchanganya. Basi nikawaambia wenzangu, sote tuliobeba jina hili tuseme neno moja. Watuchanganye wanavyotaka. Wakivuta kadi ya yeyote, neno walikute. Na wewe nilipokupa jina nikakupa na neno, ili siku nikiwa siwezi kusema, niwe nimeshasema."

Nilikuwa nimekaa miezi mbele ya kompyuta nikitafuta namna ya kuwalinda watu wasichanganywe, na bibi yangu, ambaye kusoma kwake ni kwa kubahatisha, alikuwa ameshafikiria kitakachotokea wakichanganywa. Kanuni yake ilifanya kazi miaka yote, kwenye sanduku la mbao, kwenye madaftari, na ingefanya kazi hata kwenye bomba langu. Ilihitaji kitu kimoja tu, kwamba kila mwenye jina aliseme lile neno, nami nilikiacha kwa sababu niliona ni ushamba. Niliona aibu, nikamwambia hivyo: "Naona aibu, somo."

"Aibu ya nini. Nimekufa?" akasema. "Umeleta daftari langu?"

Nikalitoa. Aliufungua mfuko, akalitazama daftari, akaona ukurasa wa kwanza umeshaanza kuachia. Akaniambia niingie chumbani kwake, chini ya mto kuna kitu. Nikakuta madaftari mawili mapya ya dukani na kalamu nyekundu, yenye kifuniko bado.

"La kwangu kwanza," akasema.

Nilikaa kwenye mkeka nikanakili. Kalamu ilikuwa inakwama, ikabidi kila herufi niipitie mara mbili. Nilipomaliza alipitisha kidole chake juu ya mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, akaridhika. Kisha akanisogezea daftari la pili.

"Na la kwako."

Nilifikiri kuhusu usahihi wa taarifa, kama nilivyofundishwa. Nikafikiri namna ya kuandika bila kusema uongo. Juu nikaandika jina letu. Chini yake nikaandika kwamba mwenye jina hili asichomwe penisilini kabla hajaulizwa ni yupi kati ya wawili. Nikamsomea. Aliufuata mstari kwa kidole, akakuta ni mrefu kuliko anavyoujua, akarudi mwanzo akaufuata tena.

"Umeongeza maneno," akasema.

"Nimeongeza ili liwe la kweli."

Akafikiri. "Haya. Lakini ukiulizwa utasema lipi?"

"Hilohilo."

"Basi sema."

Nilikuwa mama wa watoto wawili, nimekaa kwenye mkeka na kalamu nyekundu mkononi. Nikasema.

"Sema tena," bibi akasema, akivuta ungo wake wa kunde karibu.

Nikasema tena.